Kaimati kwa Jina la Mama

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo mapema: mimi ndiye yule kijana aliyesimamishwa mbele ya wanawake kama sitini, dakika chache baada ya swala ya Magharibi, kwa ajili ya bakuli la kaimati ambazo hakuzipika yeye wala hakuzipika mama yake, akaulizwa swali dogo tu la shira, akababaika kama mtoto wa chuo aliyesahau sura fupi. Mtaa mzima unaijua habari hii, na kila anayeisimulia anaiongeza chumvi (na chumvi ni mbaya kwa presha, lakini tuyaache hayo), kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, ili mkicheka mcheke kilichotokea. Kwa uongo nilioufanya nimeshaomba radhi, tena kwa magoti. Kwa muhogo wa kuchemsha sijaomba, na sitaomba.

Naitwa Hafidh. Nakaa na mama yangu, Bi Time, Mji Mkongwe, katika uchochoro mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya dirishani jirani wa mbele ndiye anayekuombea rehema. Jirani huyo ni Bi Zuwena. Yeye yuko ghorofani, sisi tuko chini, na tangu nipate akili zangu chakula chake kimekuwa kikitushukia kwa kikapu cha ukili kilichofungwa kamba: anaita "Hafidh", naitika "Naam", kikapu kinashuka kinayumba ukutani, napokea bakuli, na siku ya pili bakuli linapanda na kitu chetu ndani. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Likija na sambusa litarudi na ndizi, na kama nyumbani hamna kitu, litarudi hata na ndimu tatu, lakini tupu halirudi, maana bakuli tupu ni maneno, na maneno yake si mazuri.

Miezi miwili kabla ya Ramadhani mama alijikwaa kwenye kizingiti akapata kidonda kwenye dole gumba la mguu wa kushoto, kidogo kama punje ya kunde, na kidonda hicho kikakataa kufunga. Tulipokwenda kupima tukaambiwa ni sukari, tena si ya jana wala juzi. Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema sukari ikishuka kidonda kitafunga, na isiposhuka tutakuja kuzungumza habari ya kidole. Akasema na Ramadhani asifunge. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akashukuru, akainuka, na tulipofika nje akanishika mkono juu ya kiwiko, pale pale alipokuwa akinishika nikiwa mdogo nimefanya makosa.

"Haya tumeyasikia mimi, wewe na Mungu," akasema. "Akiyajua wa nne, nitajua yametoka wapi."

Mtaa ukaambiwa mguu umeteguka. Msimlaumu. Mama yangu miaka yote ndiye aliyekuwa akienda kuwaangalia wagonjwa wa wenzake, na uji wake kwenye chupa, na dua zake, na mikono yake ya kukanda. Kuwa mgonjwa wa kuangaliwa yeye hakujifunza, na aliona amechelewa kuanza.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, kwa hiyo dawa ya kwanza iliyonijia kichwani ilikuwa karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa: sukari basi, mafuta kidogo, maji mengi, nusu ya sahani iwe mboga, tembea kila siku hata uani. Nikaichapisha kwa rangi, nikaivisha nailoni, nikaibandika ukuta wa jikoni na kujiona nimeokoa taifa. Siku ya pili nikaikuta imefunika kopo la sukari.

"Karatasi yako nzuri," mama akaniambia. "Sisimizi hawapiti."

Hapo nikaacha kuhubiri nikaingia jikoni. Nawaambia kitu nilichojifunza kwa kuungua vidole: mtu mzima humbadilishi chakula kwa maneno, unambadilisha kwa kumpikia, na ukishapika ukae naye ule kile kile, kwa sahani ile ile, bila ya kumtazama usoni. Nikachemsha muhogo na majimbi. Nikachoma shelisheli juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi na ndani pakanukia kama mkate. Nikachoma samaki kwa ndimu na pilipili badala ya kumzamisha kwenye mafuta, mchicha nikautilia tui jepesi la pili, chai nikaitia mdalasini na hiliki, sukari nikaiacha kwenye kopo chini ya karatasi yake. Mama alikula kwa uso wa mtu anayetia sahihi hati ya kuuza nyumba. Lakini alikula. Wiki ya tatu tukapima, sukari imeanza kuteremka, na kidonda, wallahi, kikaonesha kingo nyekundu changa kama mdomo wa mtoto. Nilitoka pale kliniki natembea kama nimepewa mji.

Halafu mwezi ukaandama, na kikapu kikaanza kushuka kila siku.

Sijui kama mmewahi kula kaimati za Bi Zuwena. Kaimati za watu wengine ni vidonge vya unga vilivyokaangwa na kupakwa sukari. Za Bi Zuwena ni kitu kingine: nje zinavunjika kama kioo chembamba, ndani ni pamba, na shira yake ina hiliki, ina zafarani, na ukimeza ya kwanza unabaki na huzuni ndogo kwamba umeimaliza. Kila siku ya Ramadhani, baada ya alasiri, bakuli lake la maua mekundu lilishuka limejaa, "za mgonjwa wangu", na kila jioni mama alisema ataonja moja tu, kwa heshima ya jirani. Siku ya kwanza moja ilikuwa tatu. Siku ya pili moja ilikuwa saba. Asubuhi yake nikambadilisha kitambaa cha kidonda, na zile kingo changa zilikuwa zimelowa tena.

Sasa niambieni nyinyi ningefanya nini. Kumwambia Bi Zuwena asilete, lazima nimwambie kwa nini, na sababu hiyo ilikuwa siri ya mama. Kumwambia asilete bila kumwambia kwa nini, ni kumwambia chakula chake hatukiamini, na hapa kwetu maneno hayo huyasemi kwa mwanamke aliyemshikia mama yako taa siku unazaliwa wewe. Kuzitupa ni haramu na ni dhambi ya moyo. Kuzila mimi zote kumi na sita kila siku, nilijaribu siku ya tatu, nikaswali tarawehe nikihema kama ng'ombe.

Siku ya nne nikazihamishia kaimati kwenye bakuli letu la buluu, nikazifunika kawa, nikampelekea Bi Kidawa.

Bi Kidawa ni shoga yake mama, anakaa njia ya kuelekea Mkunazini, mjane, mcheshi, na habari ikiingia sikioni mwake haina haja ya redio tena. Akafunua kawa, akavuta harufu (sote tumefunga, kuvuta harufu ndiyo karamu yetu), akaniuliza:

"Kapika mama'ko?"

Uamuzi wenyewe ni huu. Ningesema "zimetoka kwa Bi Zuwena", mkasa ungekufa pale pale mlangoni. Lakini nikafikiri, nikisema hivyo kesho atamwambia, na kesho kutwa Bi Zuwena ataniuliza kwa nini chakula chake kinazunguka mji. Basi nikatikisa kichwa. Sikusema hata neno, nikatikisa kichwa tu, kwenda mbele na kurudi nyuma, kama mjusi ukutani.

Kwa siku tano hivi nilijiona mwerevu. Mama, ambaye mchana anakula kwa siri, jioni anafuturu nami tende moja, shelisheli na samaki, akiuliza "Zuwena leo hajaleta?" namwambia kaleta kidogo, nimezimaliza mimi adhana ilipolia, ananiita mlafi, mambo yanakwenda. Bakuli la maua mekundu linapanda na muhogo wetu wa kuchemsha, mkavu bila tui. Bi Zuwena anachungulia, anasema kwa sauti ya uchochoro mzima, "Hafidh, siku ya tano muhogo mtupu, nyie mnafuturu au mnakwenda vitani?" Nacheka. (Na katika werevu wangu huo halikunijia hata mara moja kwamba ninamwokoa mwanamke mmoja na sukari kwa kuimwaga nyumbani kwa mwanamke mwengine. Hili nililetewa baadaye, na nililetewa hadharani.)

Tatizo ni kwamba Bi Kidawa alizipenda. Alizipenda akasema. Akasema sokoni, akasema msikitini upande wa wanawake, akasema kwa fundi cherehani: kaimati za Bi Time mwaka huu, na mguu wake mbovu, zimemweka chini Zuwena na kiburi chake. Siku ya nane kikapu kilishuka polepole kuliko kawaida.

"Hafidh."

"Naam, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mama'ko anapika kaimati."

Nikaangalia juu. Uso wake dirishani ulikuwa kama wa mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Kidogo tu," nikasema. "Za kujaribu."

"Na hizi zangu namletea za nini?"

"Zako ndizo anazozipenda, wallahi."

Akavuta kamba yake. Lakini siku ya pili bakuli lilikuwa kubwa zaidi, zafarani imezidi, hiliki imesagwa laini zaidi, na juu amenyunyizia ufuta uliokaangwa. Mwanamke alikuwa ameingia mashindanoni. Akashindana na mama yangu ambaye alikuwa amelala kitandani akila mchicha. Yaani alikuwa akishindana na nafsi yake mwenyewe, na kila alipojishinda, mimi nilimpelekea Bi Kidawa ushindi huo ndani ya bakuli la buluu, na Bi Kidawa akautangaza kwa jina la mama.

Kila mwaka, katikati ya mwezi, mtaa wetu unafuturu pamoja siku moja kwenye uwanja wa chuo cha Kurani, majamvi yakitandikwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Bi Kidawa ndiye anayegawa nani alete nini. Mwaka huu akanisimamisha njiani akanipa salamu za kumpelekea mama: "Mwambie kaimati ni zake. Zuwena nimempa tambi." Na Bi Zuwena, alipoambiwa tambi, akajibu kwamba tambi atapika na kaimati ataleta vilevile, na watu wana ndimi zao.

Nikasema inshaallah. (Kuna inshaallah ya mtu anayekusudia kitu, na kuna inshaallah ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mungu anazijua zote mbili.)

Msinione mvivu, nilijaribu kupika mwenyewe. Mama akiwa amelala nikaukanda unga, nikautilia hamira, nikaufunika, nikausubiri, nikaukaanga. Zilizotoka mngeweza kuzijengea msingi. Basi Alhamisi, siku yenyewe ya futari ya mtaa, baada ya alasiri, Bi Zuwena alipoita "Hafidh", nikaitika "Naam" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujisalimisha, na kikapu kikashuka na bakuli la maua mekundu limefurika. "Za mgonjwa wangu, maana uwanjani hatofika," akasema. "Zile za watu nazibeba mwenyewe." Nikaingia ndani, nikazihamishia kwenye bakuli la buluu, nikalipeleka uwanjani. Kuonja sikuonja, nimefunga. Naomba mlikumbuke hilo.

Adhana ikaadhiniwa, tukala tende, tukanywa maji, tukaswali, tukakaa. Mimi niko upande wa wanaume, nimeupa mgongo ulimwengu, nakula mbaazi zangu kwa amani, nikasikia jina langu likiitwa na sauti ambayo haihitaji kipaza sauti.

"Hafidh. Hebu njoo huku, mwanangu."

Huko ni upande wa wanawake. Nikaenda nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Katikati ya jamvi Bi Kidawa alikuwa ameweka mabakuli mawili, la buluu na jingine la Bi Zuwena, bega kwa bega, na wanawake wanapitisha mikono, moja huku, moja kule, wanatafuna wamefumba macho kama makadhi.

"Hizi za Bi Time zina kitu," akasema mmoja.

"Zina kimoshi kwa mbali," akasema mgeni mmoja aliyetoka Mtoni kumtembelea dada yake. "Kama zimepikwa kwa kuni za mkarafuu. Hizi nyengine ni sukari tu."

"Mimi nilisema," akasema Bi Kidawa. "Nilisema au sikusema?"

Zote, jamani, zote zilikuwa za chungu kimoja. Zimekaangwa na mkono mmoja, zimepakwa shira moja, na wanawake wazima walikuwa wanaapa kwamba hizi ni za peponi na hizi ni za dukani. Ningecheka, lakini Bi Zuwena alikuwa amekaa mbele yangu, mikono mapajani, na sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Alionekana mdogo.

"Mleteni mwenyewe," Bi Kidawa akasema. "Hata kwa kumbeba. Tumshukuru mbele za watu."

"Mama amelala," nikasema haraka.

"Magharibi watu hawalali, wanaota majini. Nendeni."

Wakaenda watatu. Na walipokwenda, Bi Zuwena akanyoosha mkono kwenye bakuli la buluu. Akaivunja kaimati kwa meno ya mbele, akatafuna taratibu, akaacha kutafuna. Akachukua moja kutoka bakuli lake mwenyewe, akaonja. Kisha akaniangalia mimi.

"Hafidh," akasema, na alisema polepole. "Leo shira yangu imeniungulia. Nilikwenda kumfungulia mtu wa maji mlango, niliporudi imeshika chini ya sufuria."

"Pole," nikasema.

"Na ya mama'ko imeungua vilevile."

"Labda... jiko."

"Jiko gani?"

"Letu."

"Mama'ko alitia nini kwenye shira?"

Hili ndilo lile swali. Mtu mwengine angesema hiliki. Mtu yeyote mwenye akili angesema hiliki. Mimi nikasema, "Maji."

Wanawake wakaanza kunigeukia mmoja mmoja, na hapo hapo mama akaingia uwanjani, kashikwa huku na huku, kavaa buibui lake zuri, anachechemea na anatabasamu, maana alikuwa na wiki nyingi hajatoka na alidhani wamemkumbuka tu. Wakampigia vigelegele. Bi Kidawa akainuka akamkumbatia.

"Shoga yangu, kaimati zako zimetuliza."

"Kaimati gani?" akasema mama, bado anatabasamu. "Mimi sijakaanga kaimati tangu mwaka juzi."

Mnajua ardhi inavyokuwa ikikataa kupasuka pale unapoihitaji.

"Hizi ni zangu," Bi Zuwena akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniua. "Ninazokuteremshia wewe kila siku, Time. Mwanao anazibeba anazigawa mjini. Miaka thelathini tunakula pamoja. Leo chakula changu hakiingii nyumbani kwako. Niambie tu, mnaniogopea nini? Mnadhani natia kitu?"

Uwanja mzima ulisikia, hata upande wa wanaume vijiko vilisimama. Mama akanigeukia. Tabasamu lilikuwa limekwisha, na macho yake yaliniambia kitu kimoja waziwazi: zua. Zua chochote, wewe si hodari wa kuzua, sema umezila, sema umeziuza, jitie mwizi, lakini ile habari usiitoe.

Na ningeweza. Naapa ningeweza. Lakini nilimwangalia Bi Zuwena ambaye alikuwa anasubiri kujua kama rafiki yake anamdhani mchawi, nikauangalia mguu wa mama ndani ya ile soksi aliyovaa kukifichia kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeshalowa mpaka kwenye soksi.

"Mama ana sukari," nikasema. "Mguu haukuteguka. Ana kidonda hakifungi, na asipoacha tamu watamkata kidole. Daktari amemkataza kufunga, na amemkataza kila kilichomo kwenye mabakuli haya. Chakula chako hatukiogopi, Bi Zuwena. Tunakipenda mno, ndiyo shida. Mimi ndiye niliyezitoa, yeye hajui, na kesho zikija nitazitoa tena."

Maneno ya mwisho hayakuwa na haja. Lakini yalikwishatoka, na mpaka leo siyarudishi.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Bora nguo kuliko kidole," nikasema, na kumjibu mama yangu hivyo mbele ya watu ni kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla, na mkono wangu juu ya kiwiko ulijua wenyewe ukauma.

Mama akainama. Akachukua kaimati moja kwenye bakuli la buluu, akaitia mdomoni, akaitafuna akinitazama mimi, mpaka mwisho, akaimeza. Kisha akachukua ya pili. Nayo ilikuwa njiani kuelekea mdomoni wakati Bi Zuwena aliponyanyua mkono wake akaushika wa mama, akamfungua vidole kimoja kimoja kama unavyomfungua mtoto aliyeokota kitu, akaitoa kaimati, akaila yeye.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema. "Kaa chini, Time. Mgonjwa ana ruhusa yake, Mungu kampa, wewe unamfichia nani?"

Mama akakaa chini, pale pale kwenye jamvi, akaegemea bega la Bi Zuwena, na nikaona buibui lake linatikisika. Sijui alikuwa analia au nini. Na hapo Bi Kidawa, ambaye alikuwa akihesabu kwa vidole siku alizokula kaimati, akafungua mdomo.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Kwa hivyo mama'ko asile, mimi nile nife?"

Ndipo wakacheka. Walinicheka mimi, wakanicheka mpaka wakajishika mbavu, yule mgeni wa Mtoni akacheka mpaka akapaliwa na zile kaimati zake za kuni za mkarafuu, na mimi nikasimama pale katikati nikachekwa, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa imejaa wanawake.

Mama hakusema na mimi siku mbili. Akitaka kitu alimwambia paka: mwambie huyo kaka yako muhogo umekauka. Siku ya tatu baada ya alasiri nikasikia jina langu dirishani, nikaitika, kikapu kikashuka. Nikafunua bakuli la maua mekundu kwa woga, nikidhani ni tupu, nami ningelistahili. Ndani kulikuwa na shelisheli la kuchoma, nusu ya samaki changu wa kuchoma kwa makaa, na mchicha, na tui lake jepesi kuliko langu.

"Hiyo ya mama'ko," Bi Zuwena akasema. "Muhogo wako umenichosha kuuona." Kisha kikapu kikapanda kikashuka tena, na kibakuli kidogo. "Na hizi zako wewe. Ziko saba. Zikitoka mbele ya macho yangu nitajua zimekwenda kwa Kidawa. Ikilia adhana, utazila hapo hapo, nnakuangalia."

Na ndivyo ilivyokuwa mpaka mwezi ukaisha. Mama ndani anakula mboga zilizopikwa na shoga yake, mimi nje uchochoroni, kijana mzima mwenye karatasi yake ya nailoni, namaliza kaimati saba kila Magharibi chini ya ulinzi, na wapita njia wananitakia futari njema. Kanzu yangu ya Idi ilikataa kufungika shingoni. Kidonda cha mama kikafunga wiki mbili baada ya Idi. Palibaki alama ya waridi, ndogo kama punje ya kunde, na kidole kipo, anakivalia kandambili.

Halafu wakaanza kuja dukani. Alikuja wa kwanza na cheti cha kliniki akitaka nakala, akakaa, akakohoa, akaniuliza kwa sauti ya chini shelisheli nalichoma muda gani. Akaja wa pili, akitaka kujua kama tui la pili linanoga. Akaja Bi Kidawa mwenyewe, amevaa miwani ya jua kama mtu wa upelelezi, akasema amepima, hakusema kiasi gani, akaniambia nimpe ile karatasi. Nikamchapishia kwa rangi, nikaivisha nailoni. Najua ataifunikia sukari. Hata hivyo kila akitaka sukari itabidi aiinue kwanza.

Kwa hiyo nadhiri yangu ni hii, na mnishuhudie. Chakula cha mtu sitakipeleka tena kwa jina la mtu mwengine, hata nikitishiwa, hata kwa kutikisa kichwa. Na mwakani mwezi ukiandama, bakuli likishuka na kaimati, nitaita juu mpaka uchochoro wote unisikie: hizi hatuli, ahsante sana, na huu unaopanda ni muhogo mkavu, nimeuchemsha mimi.